Upupu Usidharauliwe, Wala Usiwe Kisingizio

Mkoa wa Singida wajulikana kote nchini kwa alizeti yake, kwa vitunguu vyake, kwa kuku wake wa kienyeji na kwa asali ya Manyoni na Itigi. Haujulikani kwa upupu. Wala si ajabu, kwa kuwa hakuna mkulima popote Tanzania anayejivunia upupu. Mmea huu unaotambaa juu ya vichaka wajulikana kwa jambo moja tu, nalo ni vinyweleo vya maganda yake, ambavyo vikimgusa mtu humwasha hata akajikuna mpaka akatoka damu. Watoto wa shule hurushiana kwa utundu, mchungaji huuepuka, mwenye shamba huung'oa akiwa amejifunga matambara mikononi. Hata mtu aliyesema maneno ya hovyo mbele za watu husemwa kuwa amemwaga upupu.

Leo twataka kuutaja upupu kwa heshima kidogo. Ndani ya mbegu zake mna kitu kiitwacho levodopa, na hicho ndicho kitu kile kile kilichomo katika vidonge ambavyo madaktari wa dunia nzima huwapa wagonjwa wa kutetemeka. Si kitu kinachofanana nacho, wala si kitu kinachodhaniwa kuwa ni hicho. Ni chenyewe. Katika kila gramu 100 za mbegu kavu hupatikana kiasi cha gramu 4 hadi 6, kwa kutegemea aina ya mbegu na udongo ulioiotesha.

Jambo kama hili lina faida kubwa na hatari kubwa, na kwa sababu hiyo twaona yafaa kulieleza kwa kirefu. Maneno yetu ni mawili. La kwanza, upupu usidharauliwe: uchunguzwe hapa hapa kwetu, na wataalamu wetu, kwa vipimo vya kweli. La pili, upupu usifanywe kisingizio: mzee wa Singida anayetetemeka leo anastahili kidonge leo, wala haifai aambiwe angoje utafiti ukamilike, au ajitafutie mwenyewe porini.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa tunaousema ni ule ambao madaktari huuita Parkinson, kwa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza kwa maandishi mwaka 1817. Huanza polepole. Kidole hutikisika mkono ukiwa umetulia pajani. Baadaye mkono mzima hutetemeka, viungo hukakamaa, hatua huwa fupi za kuburura miguu. Uso uliokuwa mchangamfu hukauka kama kinyago, sauti hufifia, na kufunga vifungo vya shati huwa kazi ya asubuhi nzima. Mara nyingi akili ya mgonjwa bado ni timamu. Ajua yote yanayosemwa juu yake, ila hana sauti ya kujibu wala mguu wa kuondokea.

Na yanayosemwa juu yake ni mengi. Wengine husema ni uzee tu, aachwe. Wengine husema amerogwa. Na akiwa ni bibi mjane, anayeishi peke yake katika tembe yake, aliyeanza pia kusahau majina na kuzungumza peke yake usiku, husemwa kwamba mrogaji ni yeye. Sote twajua maneno ya namna hiyo yamewafikisha wapi vikongwe wa nchi hii, hasa katika mikoa ya kanda ya magharibi na ya Ziwa. Damu ya wazee imemwagika kwa sababu ya macho mekundu. Hatutaki mkono unaotetemeka uwe sababu nyingine.

Je, wagonjwa hawa ni wangapi? Hesabu inayojulikana zaidi nchini ilifanywa katika Wilaya ya Hai, Mkoa wa Kilimanjaro. Watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu 161,071, wakatoa matokeo yao mwaka 2008. Walikuta wagonjwa 33. Lakini lililo zito kuliko hesabu hiyo ni hili: zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hao hawakuwa wamepata kuambiwa na mganga yeyote wa hospitali jina la ugonjwa wao, wala kupewa dawa yake. Na Hai iko chini ya pua ya hospitali kubwa ya rufaa ya Moshi, kwenye barabara ya lami.

Sasa tuigeukie Singida. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 2,008,058. Tukitumia kipimo cha Hai, twapata wagonjwa kama 400. Haya ni makadirio ya mkono tu, kwa kuwa Singida si Kilimanjaro. Lakini hata wakiwa nusu ya hao, ni wazee 200, kutoka Kiomboi mpaka Itigi, kutoka Nduguti mpaka Ikungi, ambao wengi wao hudhaniwa kuwa wazee tu au watu waliorogwa. Ikiwa karibu na Moshi watu hawakutambuliwa, tusijidanganye kwamba kule Mkalama wametambuliwa.

Ugonjwa wa kusahau, ambao kwa wengi ni ule uitwao Alzheimer, una wagonjwa wengi zaidi. Huko huko Hai, watafiti waliwachunguza wazee 1,198 wenye miaka 70 au zaidi, na katika matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 walisema kwamba zaidi ya 6 katika kila 100 walikuwa na upungufu huo wa akili. Maisha ya Mtanzania yamerefuka kuliko yalivyokuwa mwaka 1961, nasi twamshukuru Mungu na kazi ya wauguzi wetu. Lakini kadiri watu wanavyozeeka, ndivyo maradhi ya uzeeni yanavyoongezeka. Taifa lililojifunza kumtunza mtoto mchanga halina budi kujifunza kumtunza babu yake.

DAWA ILIPATIKANAJE

Ndani kabisa ya ubongo mna chembe zinazotengeneza kitu kiitwacho dopamini. Kitu hiki ni kama tarishi wa ofisi: huchukua amri ya mwendo kutoka sehemu moja ya ubongo hadi nyingine. Katika ugonjwa wa Parkinson chembe hizo hufa moja baada ya moja. Matarishi hupungua, barua hulala mezani, na mwili hukaa ukingoja amri isiyofika.

Mtu atauliza, kwa nini basi mgonjwa asipewe dopamini? Jibu ni kwamba dopamini iliyomo katika damu haiwezi kupenya na kuingia ubongoni, mlango umefungwa. Lakini levodopa hupita mlango huo, na ikisha kuingia ndani hugeuzwa kuwa dopamini. Hiyo ndiyo siri yote.

Siri hii iligunduliwa kwa msaada wa mimea pande zote mbili. Waganga wa Bara Hindi walitumia tangu kale mzizi mmoja wa kutuliza wagonjwa, na kutoka katika mzizi huo wanakemia wakatoa dawa iitwayo reserpini. Mwaka 1957 mtaalamu wa Sweden, Arvid Carlsson, aliwapa sungura dawa hiyo, nao wakapooza wasiweze kusogea. Kisha akawapa levodopa, wakaanza kurukaruka tena. Mwaka 1961 madaktari wa Vienna waliwapa wagonjwa wa Parkinson levodopa, na watu waliokuwa hawainuki waliinuka. Mwaka 1967, huko New York, daktari George Cotzias alionyesha jinsi ya kuitumia kwa kipimo kikubwa kilichoongezwa kidogo kidogo. Carlsson alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Levodopa yenyewe ilikuwa imekwisha kutolewa katika maharagwe mapana mwaka 1913, na katika mbegu za upupu mwaka 1937, kwa kazi ya wanakemia wa Kihindi. Waganga wa kwao walikuwa wakiutumia upupu kwa watu wanaotetemeka kabla ya mwanakemia yeyote kuupima. Twalitaja hilo ili wasomi wetu wajue kwamba mganga wa kijijini si mjinga siku zote.

Tangu hapo upupu umejaribiwa kwa wagonjwa kwa utaratibu wa kisayansi. Mwaka 2004 madaktari wa London walitoa matokeo ya wagonjwa 8: unga wa upupu ulianza kufanya kazi mapema kuliko kidonge, kwa muda wa nusu saa hivi badala ya zaidi ya saa moja. Mwaka 2017 ulitolewa uchunguzi uliofanywa Bolivia, kwa wagonjwa 18, ambao walipewa unga wa mbegu zilizokaangwa na kusagwa, bila kiwanda chochote. Unga ule ulifanya kazi kama kidonge, na kwa kipimo kikubwa ulizidi.

Mtu akiishia hapo atapiga vigelegele. Lakini msomaji mwangalifu aendelee. Mwaka uliofuata, yaani 2018, watafiti wale wale walitoa habari za wagonjwa 14 waliotumia unga kwa wiki nyingi. Saba kati yao, nusu nzima, waliacha kuutumia kabla ya wakati: wanne kwa sababu ya tumbo kuchafuka, na watatu kwa sababu hali yao ya mwendo iliendelea kuwa mbaya. Katika waliotumia kidonge hakuna hata mmoja aliyeacha. Sababu yake inaeleweka. Kidonge cha hospitali kina levodopa pamoja na kitu cha pili kiitwacho kabidopa, kinachozuia levodopa isigeuzwe ikiwa bado katika damu na kumtapisha mgonjwa. Upupu hauna msaidizi huyo.

Kwa hiyo ukweli ni huu: upupu wafanya kazi, na kidonge ni bora kuliko upupu. Asemaye kuwa upupu ni upuuzi hakusoma. Asemaye kuwa upupu umeshinda hospitali hakusoma mpaka mwisho.

MBEGU ILE ILE YAWEZA KULETA WAZIMU

Tusisahau tena yaliyowapata jirani zetu wa Msumbiji. Mwaka 1989, katika mkoa wa Nampula, kulikuwa na vita na njaa. Wakulima wa huko walijua tangu zamani kula mbegu za upupu wakati wa dhiki: huzichemsha mara nyingi, na kila mara humwaga maji. Mwaka ule maji yalikuwa adimu. Watu wakapunguza kuchemsha, wengine wakanywa na yale maji yenyewe. Watu wapatao 200 walishikwa na wazimu wa ghafla, vichwa vikiwauma, mioyo ikienda mbio, macho yakiona yasiyokuwapo. Dawa ile ile iliyowainua wagonjwa wa Vienna iliwaangusha watu wazima wa Nampula, kwa sababu kipimo hakikuwapo.

Mkulima wa Singida hahitaji kufundishwa sana habari ya kipimo. Anapopeleka alizeti kwenye mashine ya kukamua, ajua kwamba gunia la mbegu hii halitoi mafuta sawa na gunia la mbegu ile, na kwamba mbegu iliyonyeshewa si sawa na iliyokauka. Na upupu ni vivyo hivyo. Kijiko kimoja cha unga kutoka kichaka hiki chaweza kuwa na levodopa kidogo, na kijiko kutoka kichaka cha pili kikawa na nyingi. Mgonjwa anayekunywa bila kupimiwa ni kama dereva anayeendesha lori usiku bila taa. Leo atafika, kesho hatafika.

Tena nchi yetu imekwisha kupata somo lake katika mambo haya. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Wagonjwa mahututi walifia njiani, na wengine waliacha dawa zao za hospitali wakiamini kuwa wamepona. Hatusemi haya kumlaumu mzee yule, ambaye alifariki mwaka 2021. Twasema kwamba umma uliotangulia mbele ya vipimo ulilipa gharama yake mwenyewe. Iwapo kesho mtu atasimama katika stendi ya Singida na kutangaza chupa za upupu zinazoponya kutetemeka, kusahau, kisukari na mikosi ya biashara, tusije tukaona Loliondo ya pili.

Wala si kila mmea unaosifiwa hustahimili jaribio. Mti wa Kichina uitwao ginkgo uliuzwa duniani kote kwa sifa ya kuhifadhi kumbukumbu za wazee. Marekani ilipoujaribu kwa watu zaidi ya 3,000 wenye miaka 75 na kuendelea, matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yalionyesha kwamba haukuzuia ugonjwa wa kusahau hata kidogo. Kumponya panya katika maabara ni jambo moja. Kumsaidia mzee kitandani ni jambo jingine. Mtu akituletea habari kwamba mlonge, ubuyu au asali ya Itigi imeonekana kulinda ubongo wa panya, tumshukuru, tumpe fedha za kuendelea na kazi yake, lakini tusimpe kipaza sauti bado.

Hata hivyo mifano ya mafanikio ipo, na mmoja wao yafaa tuutafakari. Huko Calabar, katika Nigeria, kulikuwa na mbegu ya sumu iliyotumiwa kama mwavi. Mtu akishitakiwa uchawi alinyweshwa. Akifa, alihesabiwa kuwa mchawi. Mwaka 1864 wanakemia wa Ulaya walitoa sumu ile katika mbegu, na zaidi ya miaka 100 baadaye wataalamu waliiga umbo lake wakatengeneza dawa iitwayo rivastigmini, ambayo leo hupewa wazee wenye ugonjwa wa kusahau ili kumbukumbu zao zipate nafuu kidogo. Haiponyi, ila hupunguza makali. Mbegu iliyokuwa ikiwaua waliosingiziwa uchawi ikawa mwalimu wa dawa ya kuwasaidia wazee ambao, katika vijiji vingine, bado wasingiziwa uchawi. Kilichogeuza sumu kuwa dawa ni uchunguzi na kipimo, si kingine.

KISINGIZIO TUNACHOKIOGOPA

Tumesema kwamba upupu usiwe kisingizio, nasi twapenda kueleweka vizuri. Shirika la Afya Duniani limekwisha kuweka levodopa pamoja na kabidopa katika orodha yake ya dawa muhimu, yaani dawa ambazo kila nchi yapaswa kuwa nazo. Shirika hilo lakadiria kuwa mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani waliishi na Parkinson. Dawa si mpya. Yakaribia miaka 60 tangu ithibitishwe. Haina siri ya kiwanda. Nchi nyingi huitengeneza.

Lakini ni mzee gani wa Sepuka au wa Shelui aendaye zahanati akaikuta? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka wazi kwamba wazee wenye miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wapate matibabu bila malipo. Sera hiyo ni nzuri, nasi twaiunga mkono. Ila matibabu ya bure yasiyo na dawa ndani yake ni sawa na kualikwa karamu penye sahani tupu. Mzee huambiwa dawa haipo, akanunue mjini. Ugonjwa huu hautibiwi kwa dozi ya wiki moja. Vidonge humezwa mara kadhaa kila siku mpaka mwisho wa maisha. Mkulima wa mtama na uwele atauza mbuzi wa kwanza, atauza wa pili, kisha ataacha.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mkubwa mmoja aweza kusoma habari hizi za upupu akafurahi, akasema: kumbe dawa iko porini, basi bajeti ya vidonge na isubiri. La hasha! Nusu ya wagonjwa wa majaribio walishindwa kuendelea na unga, nao walikuwa chini ya uangalizi wa madaktari. Tukiwaachia wazee wetu upupu badala ya kidonge, hatutakuwa tumejitegemea; tutakuwa tumewatelekeza na kulipa tendo hilo jina zuri.

Upande wa pili wako wasomi wanaocheka kila mara mganga wa kienyeji anapotajwa. Nao twawaambia wasitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kuna wilaya ambamo tabibu wa hospitali yuko kilomita 40 na mganga wa kienyeji yuko nyumba ya tatu. Mgonjwa ataanza kwa nani? Madaktari bingwa wa magonjwa ya ubongo na neva nchini ni wachache mno, na wengi wao wako Dar es Salaam. Kumcheka mganga hakumfikishi mgonjwa hospitali. Kumfundisha mganga atambue dalili na ampeleke mgonjwa kwa tabibu, hilo humfikisha.

YAPASAYO KUFANYWA

Vyombo vya kazi hii tunavyo. Muhimbili ilianza kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, nacho kikakua kuwa Taasisi ya Tiba Asili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ipo kwa sheria ya mwaka 1979. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002, na chini yake kuna Baraza linalosajili waganga na dawa zao. Kwa hiyo hatuombi ofisi mpya wala magari mapya. Twaomba ofisi zilizopo zifanye kazi pamoja, na Singida iwe mahali pa kuanzia.

Kwanza, vidonge vya levodopa na kabidopa viwepo katika hospitali ya mkoa na katika hospitali za wilaya zote za Singida, bila kukatika. Kwa wagonjwa 400 huu si mzigo wa kulivunja taifa.

Pili, waganga na wauguzi wa zahanati wafundishwe kumtambua mgonjwa wa Parkinson na wa kusahau. Dalili zake huonekana kwa macho: mkono unaotetemeka ukiwa umepumzika, mwendo wa kuburura, viungo vilivyokakamaa. Mafunzo ya siku chache yatosha kuanzia, na karani wa zahanati aweke daftari la wagonjwa hao. Mali bila daftari huisha bila habari, na wagonjwa bila daftari vivyo hivyo.

Tatu, mbegu za upupu zikusanywe kutoka wilaya zote, zipimwe levodopa yake, na aina bora ijulikane. Zipo aina za upupu zisizowasha, ambazo wakulima wa nchi nyingi hupanda ili kurutubisha udongo na kuzuia magugu. Mkulima wa Singida aweza kuupanda kwa faida ya shamba lake hata kabla dawa haijathibitishwa, mradi asiule wala kuunywa bila maelekezo.

Nne, majaribio kwa wagonjwa yafanywe kwa kibali, chini ya daktari, na kwa ridhaa ya wagonjwa wenyewe walioelezwa mambo yote kwa lugha wanayoielewa. Yajibu swali lililo letu hasa: je, unga uliopimwa waweza kumsaidia mgonjwa siku kidonge kinapochelewa kufika? Je, waweza kuchanganywa na kabidopa ili usiwachafue matumbo? Maswali haya hayataulizwa London kwa niaba yetu.

Tano, maarifa ya waganga yaandikwe kwa majina yao, na faida ikipatikana wapate sehemu yao pamoja na vijiji vyao. Mkulima wa Singida ajua tofauti kati ya kuuza gunia la alizeti na kuuza debe la mafuta. Akiuza mbegu peke yake, mwenye mashine ndiye atajirikaye. Tusiuze upupu kwa gunia ili baadaye tununue dawa yake kwa kidonge.

Sita, na hili halingoji bajeti wala maabara: unyanyapaa ukome. Mabalozi wa mashina, viongozi wa vijiji, masheikh na mapadri, walimu na wafanyakazi wanaorudi makwao wakati wa likizo, waseme wazi kwamba mkono unaotetemeka si kiapo kilichomshika mtu wala si alama ya uchawi. Ni chembe za ubongo zilizokufa. Mfanyakazi aliyeko Dar es Salaam au Dodoma, ambaye simu ya nyumbani imemwambia kuwa baba anatetemeka na mama ameanza kupotea njia ya kisimani, asitume tu fedha ya mganga. Ampeleke hospitali. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Wakati wa Uhuru, mwaka 1961, nchi hii ilitaja maadui zake watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Katika habari hii ya upupu wote watatu wamekaa benchi moja. Umaskini humnyima mzee kidonge. Maradhi hummaliza mwili. Ujinga humwita mchawi. Adui wa namna hiyo hapigwi kwa kumpiga mmoja na kuwaacha wawili. Kidonge bila elimu kitaozea katika kabati la zahanati kwa kuwa hakuna ajuaye nani akipewe. Elimu bila kidonge itamfanya mzee ajue tu jina la kitu kinachomuua. Na utafiti usiomjali mgonjwa wa leo utajaza makabati ya vyuo vikuu huku vijiji vikizika.

Kwa hiyo twawaomba wataalamu wa Muhimbili waje Singida na mizani yao. Twaiomba Wizara ya Afya ilete vidonge kabla ya mizani hiyo haijafika. Na twawaomba wananchi wa Singida, waliokwisha kuigeuza nchi kavu ya mbuga na vichaka kuwa nchi ya mafuta ya alizeti, wautazame upupu kwa macho mapya, bila kuudharau na bila kuubugia. Mzee anayetetemeka pale mlangoni aliijenga nchi hii kwa mkono huo huo. Si vizuri tumwache aushike peke yake.